Kurekodi Mbio za Magari za Masafa Marefu kwa GPS

Mtu anayejiandaa kurekodi mbio za magari za wiki mbili au tatu kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue kifaa gani, na swali hilo huja mapema mno. Kabla ya kifaa kuna kazi tatu ambazo huchanganywa kwa sababu zote zinategemea setilaiti zilezile: kumwelekeza dereva njia, kuwaonyesha walio mbali gari liko wapi kwa sasa, na kutunza kumbukumbu ya kila mahali gari lilipopita pamoja na saa lilipopita hapo. Kazi ya kwanza ikiharibika utajua mara moja, kwa kuwa utapotea. Ya pili ikiharibika utaambiwa, kwa kuwa ndugu na marafiki wataanza kupiga simu. Ya tatu ikiharibika hakuna anayeng'amua chochote hadi jioni, au hadi mbio zimekwisha na faili la siku ya nne likafunguliwa na kukutwa tupu. Mwongozo huu unaihusu kazi hiyo ya tatu, ambayo hufanyika kimya, na kwa sababu hiyo hudai nidhamu kuliko zile mbili nyingine.

Anza na kitabu cha kanuni za mashindano. Katika mbio nyingi za magari ya kale, na katika zile zinazopima uwezo wa kutunza mwendo uliopangwa badala ya kasi, kutumia GPS kutafuta njia au kupima masafa kumekatazwa kabisa, ilhali kurekodi kimya kimya huruhusiwa. Katika mashindano mengine waandaaji hufunga kifaa chao wenyewe. Washindani wa Rali ya Dakar, kwa mfano, hutumia vifaa vilivyoidhinishwa ambavyo hufichua baadhi ya pointi za njia pale tu gari linapozikaribia, na ambavyo baadaye huonyesha nani aliruka pointi na nani alizidi mwendo kwenye maeneo yenye kikomo. Ikiwa kanuni hazieleweki, waandikie waandaaji mapema na utembee na jibu lao lililochapwa, kwani mkaguzi wa asubuhi hana muda wa kusikiliza maelezo. Kirekodi kisicho na skrini huondoa ubishi mwingi, kwa sababu hakiwezi kumwonyesha msoma ramani chochote.

GPS ni saa kabla ya kuwa ramani

Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200, kila moja ikiwa na saa za atomiki, na kila moja hutangaza mfululizo ni saa ngapi na yenyewe iko wapi. Kipokezi kilichomo garini hulinganisha muda uliochukuliwa na mawimbi kutoka setilaiti mbalimbali kisha kukokotoa umbali wa kila moja. Huhitaji setilaiti nne ili kupata latitudo, longitudo, mwinuko na marekebisho ya saa yake chenyewe, ambayo ni ya bei ndogo na haiaminiki. Ndiyo maana kila nukta inayorekodiwa hubeba saa iliyo sahihi kuliko saa yoyote nyingine ndani ya gari, na saa hiyo ndiyo uzi utakaounganisha njia, picha, sauti na daftari la msoma ramani. Nukta yenye mahali lakini isiyo na saa ni mchoro tu.

Kuna mambo matatu ya kiufundi yanayomhusu mrekodi moja kwa moja. Kwanza, kipokezi kilichokaa muda mrefu bila kuwashwa, au kilichosafirishwa mbali kikiwa kimezimwa, huhitaji kupokea upya taarifa za setilaiti. Taarifa za mahali halisi pa kila setilaiti hurudiwa kila baada ya sekunde 30, lakini orodha kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Kiwashe kifaa mapema, gari likiwa limesimama mahali pa wazi, badala ya kukiwasha bendera inaposhushwa.

Pili, usahihi. Simu ya kawaida chini ya anga wazi huwa ndani ya mita tano hivi, na hali huwa mbaya zaidi kwenye mabonde membamba, chini ya miti mizito na kati ya majengo marefu ambako mawimbi hudunda ukutani kabla ya kufika. Vipokezi vya sasa husikiliza pia mifumo mingine ya setilaiti kama hiyo: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China, na vile vinavyopokea masafa mawili ya mawimbi kwa pamoja hustahimili mdundo huo vizuri zaidi. Kwa barabara za milimani tofauti hiyo huonekana kwenye ramani. Kwa jangwa lililo wazi haionekani.

Tatu, vifaa vya zamani vina tatizo la tarehe. Mfumo wa asili wa GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha hurudi sifuri, na mara ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019. Kipokezi ambacho programu yake haikusasishwa kinaweza kutoa mahali sahihi kabisa kikiambatanisha tarehe iliyo nyuma kwa karibu miaka 20. Kabla ya kuazima kifaa cha rafiki, kiwashe na usome tarehe.

Vifaa viwili, na kila kimoja kazi yake

Ushauri wangu ni kuwa na kirekodi kikuu kimoja ambacho hakifanyi kazi nyingine yoyote, na simu moja kama akiba. Kirekodi kikuu kinaweza kuwa kifaa kidogo maalumu chenye kadi ya kumbukumbu, au kifaa cha mkononi cha wapanda milima, au simu ya zamani isiyo na laini ambayo imefutwa programu zote isipokuwa ile ya kurekodi. Simu unayoitumia kila siku haifai kuwa kirekodi kikuu. Itapigiwa, itapiga picha, itachukuliwa na abiria wa nyuma kutafuta hoteli, na mara moja kati ya hizo programu ya kurekodi itafungwa.

Simu za Android zina mtego wao. Tangu toleo la 6, lililotoka mwaka 2015, mfumo huo hulaza programu zinazofanya kazi nyuma ya skrini ili kuokoa betri, na baadhi ya watengenezaji wameongeza vizuizi vyao vikali zaidi. Ingia kwenye mipangilio ya betri na uiondoe programu ya kurekodi katika orodha ya zinazobanwa, kisha kwenye ruhusa za mahali uchague iruhusiwe wakati wote. Baada ya hapo usiamini: endesha gari kwa saa tatu za kawaida skrini ikiwa imezimwa, kisha ulifungue faili na kutafuta mapengo. GPSLogger na OsmAnd ni programu mbili za bure zinazoweza kurekodi kwa njia hii. Simu haihitaji mtandao ili kupokea GPS, ila bila mtandao huchelewa zaidi kupata mahali pake pa kwanza, kwa kuwa imezoea kupakuliwa taarifa za setilaiti kupitia intaneti.

Umeme, mahali pa kufunga, na joto

Rekodi nyingi zinazopotea hupotea kwa sababu ya umeme. Katika mbio za kwanza nilizorekodi, nilichomeka kirekodi kwenye tundu la dashibodi, taa ya kijani ikawaka, nami nikaacha kukifikiria. Tulipofika mpakani tulizima injini kwa saa tatu. Tundu lile lilikuwa likikatwa pamoja na swichi ya gari, kirekodi kikazimika, na injini ilipowaka tena chenyewe hakikujiwasha. Siku ile ina asubuhi tu. Kosa halikuwa la kifaa, kwani maelezo yake yalieleza wazi kwamba huwashwa kwa kidole.

Kwa hiyo jua mapema tundu gani la gari lako hubaki na umeme swichi ikizimwa na lipi halibaki. Jua pia kwamba injini inapopigwa stata volti hushuka kwa muda mfupi, na mshuko huo unatosha kukizima na kukiwasha upya kifaa dhaifu. Dawa iliyo rahisi ni kuweka betri ya akiba katikati: tundu la gari huichaji betri, na betri hukilisha kirekodi. Hakikisha betri hiyo inaweza kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja, kwa sababu si zote zinazoweza, na uijaribu kwa siku nzima na kirekodi chenyewe, kwa kuwa betri nyingi za akiba hujizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo mno, na kirekodi cha GPS huvuta kidogo sana. Magari madogo hutumia volti 12, malori ya msaada mara nyingi 24, na adapta isiyokubali volti zote mbili itaungua siku utakapohamia kwenye lori. Beba fyuzi za ziada za tundu hilo na waya wa pili wa aina ileile. Waya huchoka kabla ya vifaa.

Kuhusu mahali pa kufunga, antena inataka kuona anga. Dashibodi karibu na kioo cha mbele hufaa kwa magari mengi, lakini vioo vingine vina utando wa metali wa kupunguza joto ambao huzuia mawimbi. Katika vioo hivyo mara nyingi huachwa sehemu ndogo isiyo na utando karibu na kioo cha kuangalia nyuma, na hapo ndipo pa kuweka kifaa. Antena ya nje yenye sumaku ni bora zaidi ikiwa paa ni la chuma; paa la alumini au la plastiki halishiki sumaku. Usiweke kirekodi ubavuni mwa kamera ya dashibodi, kwani baadhi ya kamera hizo hutoa kelele ya umeme inayofunika mawimbi dhaifu ya setilaiti, na mtu huishia kumlaumu mtengenezaji wa GPS kwa kosa la jirani yake.

Joto nalo lisidharauliwe. Apple hutaja nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi kuwa kiwango cha mazingira cha kutumia iPhone, na dashibodi iliyopigwa na jua hupita hapo mapema sana. Simu ikipata joto kupita kiasi hujizima bila kuuliza. Iweke mbele ya tundu la hewa ya ubaridi, au uiweke kivulini na antena ndiyo ikae juani. Mwisho, funga kila waya kwa mkanda wa plastiki sentimita chache kabla ya plagi, maana barabara ya makorongo hufungua kila kitu kisichofungwa.

Kupanga kasi ya kurekodi

Kirekodi kinaweza kuandika nukta kwa kufuata muda, kwa kufuata umbali, au kwa kujiamulia chenyewe kulingana na kona. Chagua muda. Kurekodi kwa umbali huficha vituo, kwa sababu gari lililosimama haliandikwi, na kurekodi kwa kujiamulia hufuata sheria ambazo mtengenezaji hakukueleza.

Hesabu yake ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Ukirekodi kila sekunde, nukta zako zitaachana mita 28. Ukirekodi kila sekunde tano, zitaachana mita 139. Kila sekunde kumi, mita 278, na kona kali ya mlimani itakatwa kana kwamba gari lilipita katikati ya mwamba. Siku ya saa kumi kwa nukta moja kila sekunde ni nukta 36,000, na siku ishirini za namna hiyo ni nukta 720,000, ambazo katika faili la GPX, muundo wa kawaida wa kuhifadhi njia, huchukua takriban megabaiti 100. Kwa kadi za siku hizi hicho si kitu, hivyo sioni sababu ya kubana. Sababu ya pekee ya kurekodi polepole ni kifaa cha zamani chenye kikomo: vipo vinavyohifadhi nukta 10,000 tu, na vikijaa huanza kufuta za mwanzo bila kutoa onyo. Kwa nukta moja kila sekunde, nafasi hiyo hujaa baada ya saa mbili na dakika 46, kabla hata ya chakula cha mchana.

Zima mambo mawili ambayo huja yakiwa yamewashwa. La kwanza ni lile linaloivuta nukta hadi kwenye barabara iliyo karibu katika ramani ya kifaa. Kwa dereva wa mjini linasaidia, lakini kwa mrekodi ni uongo, kwa sababu kifaa kitaandika barabara kinayoijua badala ya ile mliyopita, na mbio za masafa marefu hupenda hasa njia ambazo ramani hazizijui. La pili ni kusimamisha rekodi gari linaposimama. Kusubiri kwenye kituo cha muda, foleni ya forodha, nusu saa ya kubadilisha tairi, vyote hivyo ni sehemu ya mbio, na mkigombana na waandaaji kuhusu dakika za adhabu, dakika hizo za kusimama ndizo mtakazozihitaji.

Ikiwa kifaa kinakuruhusu kuchagua muundo wa faili, GPX unatosha kwa watu wengi. Huo ni maandishi ya kawaida yaliyopangwa kwa alama za XML ambazo kompyuta huzisoma kwa urahisi, toleo lake la 1.1 ni la mwaka 2004, na karibu kila programu ya ramani huusoma. Anayetaka undani zaidi awashe pia rekodi ya NMEA, yaani ujumbe ghafi wa kipokezi, ambayo huandika kila sekunde idadi ya setilaiti na ubora wa mpangilio wake angani. Taarifa hizo husaidia baadaye kutofautisha kosa la kipokezi na kosa la dereva.

Siku ya mbio

Asubuhi kirekodi huwashwa kabla ya injini. Msoma ramani, au yeyote aliyepewa kazi hiyo kwa jina, hutazama kama kimeshika setilaiti na kama faili jipya limeanza, kisha huandika saa kwenye daftari. Mpeni mtu mmoja jukumu hili. Kazi ya watu wawili kila mmoja hudhani mwenzake ameifanya.

Daftari hilo lina thamani kuliko watu wanavyofikiri. Magari matano yalipoondoka Beijing kwenda Paris tarehe 10 Juni 1907, hakukuwa na chombo chochote cha kuandika njia yao. Gari la Scipione Borghese lilifika Paris tarehe 10 Agosti, na mengi tunayoyajua kuhusu miezi ile miwili yametokana na kalamu ya Luigi Barzini, mwandishi wa gazeti aliyesafiri ndani ya gari hilo na kutuma taarifa zake kwa telegramu kutoka vituo vya njiani. GPS itakuambia kwamba saa 9:42 gari lilisimama kwa dakika 31. Haitakuambia kwamba bomba la maji lilipasuka. Andika sababu ya kila kituo kinachozidi dakika tano, kwa maneno manne au matano, na saa yake.

Hapa pana mtego unaotuhusu sisi tunaosema Kiswahili. Sisi husema saa tatu asubuhi pale kioo cha kifaa kinapoonyesha 09:00, na msoma ramani aliyechoka anaweza kuandika 3 katika mstari mmoja na 9 katika mstari unaofuata. Kubalianeni tangu siku ya kwanza kwamba daftari litatumia tarakimu za saa 24 kama zinavyoonekana kwenye kifaa, hata kama mazungumzo garini yanaendelea kwa desturi yetu.

Kwa ajili ya picha, kila asubuhi piga picha ya skrini inayoonyesha saa ya GPS hadi sekunde, kwa kila kamera itakayotumika siku hiyo. Picha hiyo moja itakupa tofauti kati ya saa ya kamera na saa halisi, na hutahitaji kukisia. Usibadilishe saa ya kamera mnapovuka mpaka wa majira ya saa. Faili la GPX huandika saa kwa UTC, saa moja ya marejeo kwa dunia nzima, na ndiyo maana kila saa ndani yake huishia kwa herufi Z. Kamera iliyoachwa na saa ileile tangu mwanzo hadi mwisho itasawazishwa kwa hesabu moja, ilhali iliyobadilishwa mara sita itahitaji hesabu sita, na utakuwa umesahau mbili kati yake. Kumbuka pia kwamba tofauti za majira si za saa nzima kila mahali: India iko mbele ya UTC kwa saa tano na nusu, na Nepal kwa saa tano na dakika 45.

Jioni ndiyo saa ya kazi kubwa. Nakili faili la siku kutoka kwenye kirekodi, lifungue kwenye ramani, na ulitazame lote, si mwanzo wake tu. Tafuta mistari mirefu iliyonyooka, kwani mstari ulionyooka katika barabara yenye kona ni pengo. Ukikuta pengo, lijaze usiku huohuo kutoka kwenye simu ya akiba ungali unakumbuka mlikopita. Lipe faili jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mfano 2025-06-14, ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano. Weka nakala mbili kwenye vyombo viwili tofauti, kimoja kikae kwenye mkoba wa dereva na kingine kwenye mkoba wa msoma ramani, na pale intaneti inapopatikana tuma nakala ya tatu nje ya gari kabisa. Usifute chochote kwenye kirekodi mpaka mbio ziishe.

Kuhusu kufuatiliwa moja kwa moja

Wengi watataka pia ndugu zao waone gari likitembea kwenye ramani. Inawezekana kwa simu yenye laini na seva kama Traccar, ambayo ni ya bure na mtu anaweza kuiendesha mwenyewe, au kwa kifaa cha setilaiti pale ambapo hakuna minara. Mtandao wa Iridium, wenye setilaiti 66 za kazi, hufunika dunia nzima hadi kwenye ncha zake. Lakini vifaa vya aina hiyo aghalabu hutuma mahali kila baada ya dakika kadhaa. Kwa dakika kumi na mwendo wa kilomita 90 kwa saa, kuna kilomita 15 kati ya nukta na nukta. Hiyo ni huduma ya usalama, na ni nzuri sana kwa usalama, lakini isihesabiwe kuwa rekodi ya njia. Kagua pia sheria za kila nchi mtakayopita: India, kwa mfano, hairuhusu simu na vifaa vya mawasiliano ya setilaiti kuingizwa bila kibali, na kukamatwa nacho uwanja wa ndege au mpakani ni jambo zito.

Baada ya kufika

Weka rekodi ghafi kando na ufanye kazi kwenye nakala. Kwa kugeuza muundo wa mafaili na kuunganisha siku mbalimbali, GPSBabel hutosha. Kwa kuchora ramani ya kuchapwa, QGIS. Kwa kuonyesha familia, Google Earth. Zote hupatikana bure.

Swali la kwanza ambalo kila mtu huuliza ni mlikwenda kilomita ngapi, na jibu litakusumbua, kwa kuwa utakuwa na namba tatu zisizolingana: ya mita ya gari, ya kitabu cha njia na ya GPS. Mita ya gari huhesabu mizunguko ya gurudumu, hivyo hubadilika tairi likiisha au likibadilishwa saizi. GPS nayo hukosea pande mbili kwa wakati mmoja. Nukta zinapoachana sana hukata kona na kufupisha njia. Gari linaposimama, nukta hutangatanga mita chache huku na huko kwa kila sekunde, na matembezi hayo ya uongo hujumlishwa. Futa, au usihesabu, nukta zote ambazo mwendo wake uko chini ya kilomita tatu hivi kwa saa, na namba itatulia. Baada ya hapo, taja kilomita bila desimali.

Mwinuko ni mgumu zaidi. GPS hupima kimo juu ya umbo la duaradufu la kihesabu, ambalo halilingani na usawa wa bahari: usawa wa bahari uko mita 100 na zaidi chini ya umbo hilo kusini mwa India, na mita 80 na zaidi juu yake karibu na Guinea Mpya. Vifaa vingi husahihisha tofauti hiyo, baadhi havisahihishi, na hata baada ya kusahihisha, kosa la wima kwa kawaida ni kubwa kuliko la mlalo. Ukijumlisha kila kupanda na kushuka kulikorekodiwa, utapata milima ambayo hamkuipanda. Ni afadhali kuchukua mwinuko kutoka kwenye data za ardhi, kama zile zilizokusanywa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour Februari 2000, ambazo hufunika nchi kavu kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini. Kasoro yake ni kwamba hazijui mahandaki wala madaraja, hivyo gari litaonekana kupanda mlima lililopita chini yake.

Kwa ramani ya kuonyesha watu, punguza nukta. Kanuni ya Douglas na Peucker, iliyochapishwa mwaka 1973 na iliyomo katika programu nyingi, huondoa nukta ambazo hazibadilishi umbo la mstari na kuacha zile za kwenye kona. Nukta 720,000 zinaweza kuwa elfu chache bila jicho kuona tofauti kwenye ramani ya nchi kadhaa.

Kabla ya kumpa mtu yeyote faili hilo, kata mwanzo na mwisho wake ikiwa safari ilianzia au kuishia nyumbani kwa mtu, na uondoe sehemu za kambi za jeshi na vituo vya mpaka. Hili si woga wa bure. Ramani ya Novemba 2017 ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, iliyoonyesha kwa rangi mahali watumiaji wake hupita sana, ilizua mjadala duniani Januari 2018 ilipogundulika kwamba inaonyesha mizunguko ya mazoezi ya askari ndani ya kambi zao. Sehemu zilizobaki, hasa barabara za vijijini ambazo ramani bado hazina, zina manufaa kwa OpenStreetMap, mradi wa ramani huria ya dunia unaochorwa na watu wa kujitolea, ambao hupokea rekodi za GPX na kuzitumia kuchora barabara.

Mwisho, ndani ya folda moja weka mafaili ghafi ya kila siku, mafaili yaliyosafishwa, picha za saa za kila asubuhi, picha au nakala ya kila ukurasa wa daftari, na faili moja dogo la maandishi ya kawaida. Katika faili hilo andika aina ya kila kirekodi na mahali kilipofungwa, kasi ya kurekodi, tofauti ya saa ya kila kamera, siku zenye mapengo na jinsi yalivyojazwa, na vichujio vyote ulivyotumia pamoja na viwango vyake. Liandike ndani ya wiki ya kwanza baada ya kurudi.